Fuawe Iliyopokewa kwa Vigelegele

Jumamosi, 2 Novemba

...na ndiyo maana nasema Bi Mwanahawa, mwenye nyumba wetu, hajui mapenzi, hata kama ameolewa mara mbili. Ati mwanamume akirudi kutoka kwenye uhunzi, mweusi kama tako la sufuria, asikumbatiwe mpaka aoge! Mimi namkumbatia vivyo hivyo. Gauni langu la kijani lina alama za viganja viwili mgongoni na bado sijalifua.

Leo tumetimiza wiki saba za ndoa. Daftari la uchumba limejaa, hili ni la ndoa. Mume wangu ni Mpawenimana, mimi namwita Mpawe. Alikuwa akimuuzia mkaa Mzee Ndayisenga, mhunzi wa hapa Kasulu, na kila akifikisha gunia anachelewa kuondoka. Siku moja mzee akamwambia, "Wewe huuzi mkaa, unachumbia moto. Shika nyundo." Sasa ana miezi minne ya kujifunza kufua visu.

Mzee mwenyewe simpendi. Jana Mpawe alimpelekea kisu alichokesha akikiwaza. Mzee akakibana kwenye goti, akakipinda, kikabaki kimepinda. Akakirudisha bila neno. Mpawe alirudi nyumbani ameinamisha kichwa. Nikampikia dagaa kwa mawese na nikamwimbia mpaka akacheka.

Jumanne, 5 Novemba

Leo Mpawe amenitajia vifaa vya mtu anayeanza kufua visu, nami nimeviandika, kwa maana akivitaja sauti yake inalainika kama anataja majina ya watoto wetu watakaozaliwa.

Kwanza moto: mkaa wa mti mgumu, na kitu cha kupuliza. Wazee walitumia mvukuto wa ngozi ya mbuzi. Yeye amefunga gurudumu la baiskeli linalozungusha feni ndogo, unazungusha kwa mkono na moto unanguruma. Nyundo moja, ya kilo moja na nusu, isizidi, kwa maana anayeanza na nyundo kubwa humaliza na bega bovu. Koleo mbili za mikono mirefu. Tupa ya kulainishia chuma. Sumaku aliyoitoa kwenye spika iliyokufa: chuma kikishapata moto wa kutosha, sumaku inakikataa, na hapo ndipo unakizimisha. Unazimisha kwenye ndoo ya mawese, si ya maji. Kisu cha springi ya gari ukikitosa kwenye maji baridi kinapasuka kama gilasi.

"Mawese yote hayo," nikasema, "si maharage ya wiki nzima?"

"Kisu nacho kina njaa, Vesi."

Vesi! Nyumbani kila mtu ananiita Vestina, hata mama.

"Na kinachobaki ni nini?"

"Kinabaki kilicho kikubwa. Fuawe." Ndicho chuma cha chini, kinachopokea nyundo. Kwa sasa anangoja mzee apumzike ndipo aazime ya kwake.

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua. Watu wote wako mashambani. Mpawe amenipa mgongo wa kulalia nisikie radi kidogo.

Jumatatu, 11 Novemba

Amepata! Fundi mmoja wa magari amemwachia kipande cha chuma cha katapila, kile cha chini kinachokwangua barabara. Kinene kuliko tofali, kingo zake zimekatwa kwa moto na zimenyooka, kali, zinapendeza. Nilidhani tutakileta kwa toroli na kukiweka uani, nyuma ya duka la Bi Mwanahawa tulikopanga. Kumbe sivyo. Mzee Ndayisenga amesema kwao, tangu Burundi ya babu zake, fuawe mpya haiingii nyumbani kama mzigo. Inaingia kama bibi harusi.

Jumatano, 13 Novemba

Sijawahi kucheka hivi tangu siku ya harusi yangu mwenyewe!

Asubuhi Mpawe na mzee waliibeba kwenye machela ya miti, imefunikwa kitenge changu cha maua mekundu, kile alichonipa mama mkwe. Wanawake wa jirani wakapiga vigelegele. Mzee akaimba kwa Kirundi wimbo wa kumtoa binti kwao, na sauti yake, sikutegemea, ni tamu kama ya kijana. Tukaweka gogo uani, tukaitandikia majani mabichi, tukaikalisha. Mzee akammiminia pombe ya ndizi kidogo miguuni. Hapo Bi Mwanahawa, ambaye pombe hata harufu haitaki, akasogea mbali na kelele zake zikabaki karibu.

"Vestina! Wiki nane tu na umeshaletewa mke mwenza!"

"Mwache aje, Bi mkubwa."

"Huyo mwenzio haombi nguo, hanuni, hazeeki. Umekwisha!"

"Hapiki!" nikamjibu.

"Ndiye atakayepikiwa. Utaona mawese yako yanavyoondoka."

Hata mzee alicheka, meno yake matatu nikayahesabu. Kisha akawa mkali tena. Akasema siku saba asipigwe na mtu, asikwanguliwe, asikaliwe, na mwanamke asimruke. Siku ya nane atakuja yeye mwenyewe kumfungua.

Jioni nilimkuta Mpawe amechuchumaa mbele yake anamtazama. Nikamwambia naona wivu. Akanivuta nikakaa pembeni yake tukamtazama wote.

Ijumaa, 15 Novemba

Mvua. Bibi harusi amefunikwa na bati. Tumependa mvua hii.

Jumapili, 17 Novemba

Kanisani. Mpawe ameniahidi kuwa kisu cha kwanza kitakachotoka kwenye fuawe yake ni cha jikoni kwangu.

Jumatano, 20 Novemba

Mzee amekuja kumfungua. Akaondoa kitenge, akapiga nyundo tatu polepole, akatema mate pembeni, akamgeukia Mpawe.

"Sasa sikiliza. Chuma hiki kimezoea kukwangua mawe, ni kigumu kupita nyundo yako. Unaziona kingo hizi?"

"Naziona, mzee."

"Zina hasira. Kesho, kabla ya moto, kabla ya kitu chochote, chukua tupa. Uzisugue mpaka gumba lako lipite juu yake kama linapita kwenye mgongo wa kijiko."

"Kesho asubuhi, mzee."

"Kabla ya moto," akarudia, na akaondoka bila kunywa hata chai. Mtu mgumu kama vyuma vyake.

Alhamisi, 21 Novemba

Asubuhi nimemwokoa mwenzangu! Mpawe alitoka na tupa, akapiga magoti, tayari kuanza kusugua. Nikamwona yule maskini na kingo zake nzuri zilizonyooka, jana tu kavuliwa kitenge. Nikamshika Mpawe mkono.

"Usimkwaruze, Mpawe. Jana tu kafunguliwa."

"Mzee kasema."

"Mzee kaoa lini mara ya mwisho? Mimi ulinikwaruza siku ya pili?"

Akaniangalia kwa lile jicho lake la kucheka. "Kwa hiyo nimwache na uzuri wake?"

"Mwache. Kama unanipenda, mwache hata wiki moja."

Akaweka tupa juu ya ukuta. Akasema anayepinga wake wawili kwa pamoja ni mpumbavu. Mchana kutwa nimezungusha gurudumu la feni na yeye akafua, na nikaona springi ya gari inarefuka kama unga wa chapati. Ee Mungu, nimeolewa na mtu gani huyu! Kesho au keshokutwa kisu changu kitakuwa tayari kuzimishwa.

Jumatatu, 25 Novemba

Naandika nikiwa kwenye baraza ya hospitali. Nimekaa siku mbili na daftari hili mapajani nikishindwa kulifungua.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka. Nilikuwa nazungusha gurudumu. Mpawe alikuwa ananyoosha ncha ya kisu pembezoni mwa fuawe, pale penye ukingo. Nyundo ikateleza kwenye kisu ikapiga ukingo wenyewe. Nilisikia mlio mdogo tu, kama kijiti kikavu kukatika. Akaacha nyundo ianguke. Hakupiga kelele. Akasema, "Vesi, kuna kitu kimeniingia," kwa sauti ya mtu aliyeingiwa na vumbi.

Nikamwambia usifikiche, nije nikupulizie. Nikamshika uso niupulize. Nikaona damu imejaa ndani ya jicho, si nje, ndani, na katikati ya mboni kuna alama nyeusi ndogo kuliko mbegu ya mchicha.

Kwenye ukingo wa fuawe pana pengo jipya linalong'aa, upana wa ukucha wa kidole kidogo. Kibanzi kilichotoka hapo kiko ndani ya jicho la kulia la mume wangu.

Bi Mwanahawa ndiye aliyefunga duka na kutafuta gari. Njia nzima alikuwa amempakata kichwa, mkaa wote kwenye baibui lake, akisema, "Mwanangu, usilale, nisemeshe, nitukane ukitaka." Na mimi niliandika kwamba hajui mapenzi.

Jumanne, 26 Novemba

Daktari wa macho amekitoa kibanzi, zaidi ya hilo hakuna jipya. Mvua juu ya bati, hatusikiani.

Alhamisi, 28 Novemba

Mzee Ndayisenga amekuja amevaa koti. Akasimama miguuni pa kitanda.

"Nimepita kwako nikaona fuawe. Kingo ziko vilevile. Tupa iko ukutani ina kutu."

Mpawe ana bandeji nusu ya uso. Jicho la kushoto likanitafuta mimi, likatulia, kisha likarudi kwa mzee.

"Nilisahau, mzee."

"Ulisahau."

"Nilisahau."

Mzee akafunga vifungo vya koti. "Mtu anaweza kukosa nguvu nikamfundisha. Anaweza kukosa jicho nikamfundisha. Anayesahau tupa atakuja kumuua mtu. Usirudi kwangu."

Akatoka. Nilikuwa nimeshika ndoo ya kunawia. Sikusema kitu. Nilimwinamia Mpawe nikambusu kiganja, nikalia kwa furaha, ndiyo, kwa furaha, kwamba nina mume anayenificha chini ya mbawa zake. Leo nimeiandika hiyo furaha ili niione ilivyo.

Jumatatu, 2 Desemba

Daktari wa macho huja hapa Jumanne tu, lakini leo amekuja mapema kwa sababu kesho anasafiri. Alituita wote wawili. Akasema kibanzi kimetolewa lakini jicho limekufa, halitaona tena, na likiachwa ndani hatari yake haiishi. Mwili unaweza kulichukia lile lililojeruhiwa na chuki hiyo ikavuka mpaka kwenye jicho zima. "Litolewe. Mwezi huu usiishe likiwa ndani. Mkipuuza, anaweza kupoteza yote mawili." Akaandika barua ya kutupeleka hospitali kubwa.

Mpawe akasema, "Sitolewi jicho."

"Mpawe..."

"Mhunzi hasomi rangi ya chuma kwa jicho moja. Acha likae, litapona."

Daktari akamweleza mara ya pili na ya tatu. Alikuwa anaongea na ukuta.

Jumatano, 4 Desemba

Mama mkwe, Mama Esteri, amekuja kutoka Kibondo. Amemchukua mwanawe. Anasema ana mwanamke wa maombi kule na ana majani anayoyajua. Nilifunga nguo zangu pia. Akaniangalia, hakunikaripia, akasema tu, "Mukazana, wewe baki utunze nyumba." Mukazana kwa Kirundi ni mke wa mwana, na siku ya harusi alilitamka neno hilo akinipapasa mashavu.

Nikamgeukia Mpawe aseme kitu. Akasema, "Baki, Vestina."

Hakusema Vesi.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimepiga simu mara nne, Mama Esteri anajibu neno moja. Amelala.

Jumamosi, 7 Desemba

Amelala. Mvua.

Jumatatu, 9 Desemba

Leo Mama Esteri amesema ile barua ya daktari, Mpawe aliitia motoni siku waliyofika. Akasema kwa utulivu, kama vile anasimulia kuwa wamechoma majani ya mahindi. Nikamwambia, Mama, daktari alisema mwezi huu usiishe. Akaniambia, "Daktari ana mwezi, Mungu ana miaka."

Bi Mwanahawa ameniletea ugali nikashindwa kumeza. Akaketi kizingitini.

"Wewe mtoto, una kitu kooni na si ugali."

Nikamwambia. Ni mtu wa kwanza kujua habari ya tupa. Nilitegemea anipe maneno makali, na nilikuwa nayataka. Akajifuta uso na mtandio.

"Na mimi ndiye niliyeanza habari za mke mwenza," akasema. "Nikaukoleza mzaha mpaka ukaingia."

"Bi mkubwa, siyo wewe."

"Najua siyo mimi. Nakusaidia kubeba tu."

Jumanne, 10 Desemba

Daktari wa macho hakuja. Yuko safarini mpaka Jumanne ijayo. Muuguzi anasema bila yeye hakuna barua nyingine.

Nimefikiri siku nzima juu ya lile neno, nilisahau. Nilidhani ni zawadi. Lakini amekwisha kupoteza jicho, na kwa neno hilo akapoteza na kazi, na sasa anaona hakuna sababu ya kuokoa kinachobaki. Na mimi niliipokea zawadi hiyo nikambusu kiganja. Kama ananichukia ana haki. Kama hanichukii ni vibaya zaidi.

Alhamisi, 12 Desemba

Nilikwenda kwa Mzee Ndayisenga. Alikuwa peke yake, ana jembe motoni, kwa kuwa watu wanapanda maharage na kila mtu anataka jembe. Nilisimama kwenye mvua nje ya paa lake.

"Mzee, Mpawe hakusahau."

"Alisema amesahau."

"Alikuwa na tupa mkononi, amepiga magoti. Mimi ndiye niliyemzuia."

Akaweka koleo chini. "Ulimzuiaje?"

Ni aibu kurudia maneno ya chumbani mbele ya mzee. Niliyarudia yote. Mimi ulinikwaruza siku ya pili? Kama unanipenda, mwache. Niliyasema nikitazama miguu yangu. Jembe likapoa likawa jeusi na yeye hakulirudisha motoni.

"Na yeye akatii?"

"Akatii."

"Basi wajinga tuko watatu. Wewe uliyesema, yeye aliyetii, na mimi niliyewafundisha wimbo kabla ya kuwafundisha kazi. Asikwanguliwe, asikwanguliwe! Siku saba mmesikia hilo, tupa mkaisikia siku moja." Akakaa kwenye gogo. "Miaka arobaini nimefua bila miwani ya kukinga macho. Nilidhani ni ufundi. Ilikuwa bahati. Kifaa cha kwanza cha anayeanza kilipaswa kuwa hicho, kabla ya nyundo, na mimi sikukitaja hata mara moja."

Nikamwambia kwamba Mpawe hataki jicho litolewe kwa sababu anaamini mhunzi husoma rangi kwa macho mawili.

Mzee aliinuka, akanisogelea, akanyoosha kidole kwenye jicho lake la kushoto. Nilikuwa sijawahi kumtazama karibu hivyo. Mboni ni nyeupe kama maziwa.

"Mtoto wa jicho. Mwaka wa tano huu. Kwa jicho hili sioni hata nyundo. Yule kijana amejifunza rangi kwa mtu mwenye jicho moja na hakujua. Mwambie nafasi yake ipo. Mwambie nimesema mimi."

Nilimwomba aseme mwenyewe kwenye simu. Tukapiga pale pale. Mama Esteri akapokea, akaenda, akarudi. Mpawe amekataa kushika simu.

Ijumaa, 13 Desemba

Sijalia leo. Hakuna kilichobaki cha kulilia, au kimebaki kingi mno.

Jumapili, 15 Desemba

Mama Esteri amepiga yeye mwenyewe, mara ya kwanza. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Tangu juzi jicho la kushoto limekuwa jekundu. Linatiririka, na Mpawe hawezi mwanga, amekaa nyuma ya pazia mchana kutwa amejifunika shuka kichwani. "Ni machozi tu," akasema. "Analia sana, ndiyo maana." Akangoja nimwambie ndiyo.

Sikumwambia ndiyo. Nilimwambia, Mama, ndicho alichokisema daktari. Nikamweleza kuwa mwanawe hakusahau chochote, kwamba mimi ndiye niliyemshika mkono. Nikasikia anavuta pumzi. Kisha simu ikakatika, sijui ni mtandao au ni yeye.

Nimekimbia mpaka hospitali, muuguzi akasema mleteni hata leo, lakini daktari mwenyewe ni Jumanne. Nimepiga tena Kibondo, hapokei. Basi nimeandika ujumbe huu, nikaunakili hapa kabla ya kuutuma, kwa sababu ni neno la kwanza la maana nililoandika tangu niolewe:

Mama, najua umesikia na najua una hasira. Mleteni Mpawe kama mtakubali. Msipomleta, Jumanne nitamngoja daktari mlangoni, na barua ikiwa mkononi nitapanda basi la kwanza la Kibondo na Mzee Ndayisenga, ambaye amekubali, atakuwa pamoja nami. Daktari asipofika tutakuja bila barua. Ukinifungia mlango nitakaa uani kwenye mvua, sitaki kuingia, nataka anisikie tu. Mwambie akae nyuma ya pazia, ajikinge na mwanga, asifikiche. Mwambie asiponipokea Jumatano nitarudi Alhamisi, nitarudi kila siku. Mwezi huu hautaisha kabla sijafika mbele yake, na nataka anione.